JINO LA NG'OMBE NI SHAHIDI WA HISTORIA



Katika toleo hili la kumbukumbu tumeona vyema kuandika juu ya jambo linalowagusa watu wote wa mpaka wa Busia na Tororo, nalo ni mifugo na safari zake. Wateso, Wasamia, Wapadhola na Waluo wote wana masimulizi ya safari za koo zao. Mengi hayakuandikwa popote. Lakini ipo kumbukumbu nyingine, nayo imo katika meno ya mifugo waliokufa zamani.

Jino husema nini?

Tabaka gumu jeupe la nje ya jino huumbika mnyama angali mdogo. Likishakomaa halibadiliki tena, hata mnyama akihamishwa mbali. Wataalamu hukwangua unga kidogo wa tabaka hilo na kuupima. Kwanza hupima kaboni: nyasi za nchi zetu za joto zina kaboni nzito nyingi kuliko majani ya miti na vichaka, kwa hiyo chakula cha mnyama hujulikana. Pili, hupima oksijeni, ambayo hutokana na maji aliyokunywa na hubadilika kwa majira. Tatu, hupima strontiamu, ambayo hutoka katika mwamba, huingia katika udongo na majani, kisha katika jino.

Tuchukue mfano wa hapa hapa. Mwamba wa Tororo na Mlima Elgon ni kazi ya volkano. Upande wa Busia kuna miamba ya kale zaidi, ile yenye dhahabu. Miamba isiyofanana kwa umri na asili hutoa strontiamu isiyofanana. Kwa njia hiyo ng'ombe aliyezaliwa mahali pamoja na kuchinjwa pengine huweza kutambulika.

Ushahidi wa Gogo

Kusini mwetu, ng'ambo ya Ghuba ya Winam, katika Migori, kuna maporomoko ya Gogo. Wafugaji waliishi hapo yapata miaka 2,000 iliyopita. Pamoja na mifupa ya mifugo yao ilipatikana mifupa mingi ya wanyama wa porini na samaki. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba vichaka vyenye mbung'o viliua ng'ombe wao kwa nagana, wakalazimika kuwinda. Mwaka 2015 Kendra Chritz na wenzake walichapisha vipimo vya meno ya Gogo. Wanyama wa kufugwa na wa porini, wengi wao walikula nyasi. Basi mahali pale palikuwa mbuga wazi, si pori la mbung'o, na mifugo iliweza kupita kandokando ya ziwa ikielekea kusini.

Jambo hili si geni kwa Tororo. Ndipo lilipokuwa shirika la Afrika Mashariki la utafiti wa mbung'o na malale, EATRO, hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Meno ya Gogo yanatufundisha kwamba nchi ya mbung'o haikuwa hivyo tangu milele. Nchi hubadilika, na wenye mifugo hubadilika nayo.

Mpaka na watu

Mwaka 1902 Waingereza waliuondoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakautia katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo leo ni Kenya. Wateso wakajikuta pande mbili. Hata hivyo ng'ombe wa mahari waliendelea kuvuka, kwa kuwa undugu haukukatwa.

Sisi pia tulivuka. Januari 2008 wengi wetu tulipita Busia na Malaba tukapokelewa Mulanda, baada ya kuambiwa kwamba tulipoishi si kwetu. Ndiyo maana tunasisitiza neno moja: jino halitaji kabila, wala halitoi hati ya shamba. Hutaja malisho, maji na mwamba tu. Asiwepo mtu wa kutumia elimu hii kumfukuza jirani.

Sheria ya jino la ng'ombe ni ile ile kwa binadamu. Meno yetu yaliumbika kwa maji ya kule tulikozaliwa. Ya watoto waliozaliwa ukimbizini yanaumbika kwa maji na chakula cha hapa. Mtoto akiuliza kwao ni wapi, tusimfiche kule tulikotoka, wala tusimkatalie hapa anapokulia. Mahali pote pawili ni pa kweli.