Jim Brown, Mkimbiaji Aliyeondoka Akiwa Kileleni

Kuanzia mwaka 1934 hadi 1945, NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, haikuwa na mchezaji Mweusi hata mmoja. Hakukuwa na sheria iliyoandikwa. Wenye timu walielewana tu, na mlango ukafungwa. Mwaka 1946 Cleveland Browns, klabu changa ya ligi pinzani, iliwasajili wachezaji Weusi Marion Motley na Bill Willis. Njia waliyoifyeka hao ndiyo aliyoipita Jim Brown miaka kumi na moja baadaye.

Brown alizaliwa tarehe 17 Februari 1936 katika kisiwa cha St. Simons, jimboni Georgia. Alipotimiza miaka minane alimfuata mama yake, mfanyakazi wa nyumbani, huko Manhasset, New York. Akasoma Chuo Kikuu cha Syracuse, na mwaka 1957 akajiunga na Cleveland.

Kazi yake ilikuwa kupokea mpira na kuubeba katikati ya mabeki waliopangwa kumwangusha. Alikuwa na kifua cha kuwavunja na miguu ya kuwakimbia. Kila alipoangushwa aliinuka taratibu, akajikokota kurudi kwa wenzake kama aliyeumia. Ilikuwa hila: siku aliyoumia kweli, wapinzani wasingejua.

Katika misimu tisa aliongoza ligi kwa mbio mara nane. Alicheza mechi 118 bila kukosa hata moja, akakimbia yadi 12,312. Mwaka 1964 aliisaidia Cleveland kuichapa Baltimore Colts 27-0 na kutwaa ubingwa. Rekodi yake ya yadi ilidumu hadi 1984, Walter Payton alipoipita, lakini wastani wake wa yadi 104.3 kwa mechi haujafikiwa na yeyote.

Kiangazi cha 1966 alikuwa Uingereza akiigiza filamu ya The Dirty Dozen. Upigaji picha ulipochelewa, mmiliki wa timu, Art Modell, alitishia kumtoza faini kwa kukosa mazoezi. Brown, mwenye umri wa miaka 30 na mchezaji bora wa msimu uliotangulia, akatangaza kustaafu. Hakukubali kuendeshwa.

Uhuru huo aliutumia kwa ajili ya watu wake. Alianzisha umoja wa kuinua biashara za Weusi, na tarehe 4 Juni 1967 aliwaita Cleveland wanamichezo mashuhuri, akiwemo Bill Russell, kumsikiliza bondia Muhammad Ali aliyekataa kwenda jeshini. Baada ya kumhoji, walisimama naye hadharani. Mwaka 1988 alianzisha Amer-I-Can, mpango wa kuwanusuru vijana wa magenge na wafungwa.

Lakini nyumbani sifa hizo ziliingia doa. Zaidi ya mara moja alishtakiwa kwa kuwapiga wanawake, ingawa kesi nyingi hazikumtia hatiani. Mwaka 1999 aliliharibu gari la mkewe. Akakataa ushauri nasaha ulioamriwa na mahakama, akafungwa jela mwaka 2002.

Brown alifariki tarehe 18 Mei 2023. Anayemsimulia amsimulie mzima. Ujasiri wake mbele ya wenye mamlaka ni wa kuigwa, na machozi ya wanawake waliomlalamikia hayafutwi na yadi 12,312.