Kitabu kilichotaja kasoro zake

Toleo la kwanza la mwongozo wa Unix lina tarehe ya 3 Novemba 1971. Waliouandika ni Ken Thompson na Dennis Ritchie, wabunifu wa mfumo wenyewe, katika maabara ya Bell huko Murray Hill, New Jersey, Marekani. Aliyesisitiza uandikwe alikuwa mkuu wao, Doug McIlroy. Mhandisi wa leo anayeketi mbele ya seva ya Linux, mfumo unaofuata mtindo wa Unix, na kuandika "man", kisha jina la amri, hufunguliwa ukurasa ambao mpangilio wake haujaachana sana na ule wa 1971. Hata namba za sehemu nyingi zimebaki: ya kwanza ni ya amri, ya pili ni ya maombi yanayopelekwa kwenye kiini cha mfumo, ya tatu ni ya maktaba za programu.

Kila ukurasa ulianza na jina, ikafuata namna ya kuiita programu, maelezo, mafaili yanayohusika na kurasa nyingine za kuangalia. Karibu na mwisho palikuwa na kichwa cha kasoro. Kisha likatajwa jina fupi la mwenye programu, "ken" au "dmr", ili mwenye malalamiko ajue wa kumwendea.

Sehemu ya kasoro ndiyo urithi mkubwa kuliko yote. Saa ya Unix ya wakati huo ilihesabu sehemu za sitini za sekunde tangu mwanzo wa 1971. Thompson na Ritchie waliandika humo humo kwamba hesabu hiyo ingejaa baada ya takriban miaka miwili na robo. Hawakungoja mteja agundue. Baadaye saa ilibadilishwa ihesabu sekunde nzima kuanzia 1970, na hesabu hiyo ndiyo inayoendesha mamilioni ya seva mpaka sasa.

McIlroy alikuja kusimulia kwamba kila toleo jipya la mwongozo lilipokaribia, maabara ilichangamka ghafla. Mtu akikaa kueleza tabia mbaya ya programu yake, aliona aibu kuichapisha, akarudi kuirekebisha au kuiondoa kabisa ili iwe rahisi kuelezeka. Naamini hapo ndipo ubora wa Unix ulipotoka kwa kiasi kikubwa. Mwongozo ulikuwa kipimo cha kazi, na programu isiyoelezeka kwa ukurasa mmoja ilitiliwa shaka.

Unix yenyewe ilipata mashine kwa sababu ya maandishi. Kompyuta ya PDP-11 ilinunuliwa kwa ahadi ya kuunda mfumo wa kuandaa nyaraka, na idara ya hataza ya Bell ikawa mteja wake wa kwanza. Programu ya kupanga maandishi, roff, ilitokana na RUNOFF ambayo Jerome Saltzer aliiandika MIT mwaka 1964. Joe Ossanna aliiendeleza kwa nroff na troff, na kurasa za mwongozo zikapangwa kwa zana hizo.

Kisha likaja suala la nani ana haki ya kunakili. Amri ya mahakama ya 1956 iliizuia AT&T, mmiliki wa Bell, kufanya biashara nje ya simu, hivyo vyuo vikuu vilipata Unix kwa bei ndogo. Huko Sydney, John Lions wa Chuo Kikuu cha New South Wales aliwaandikia wanafunzi wake ufafanuzi wa msimbo wa toleo la sita. Leseni ya toleo la saba, la 1979, ilipiga marufuku msimbo kufundishwa darasani. Kitabu cha Lions kikawa kinapita mkono kwa mkono, nakala ya nakala, hadi kilipochapishwa rasmi mwaka 1996. Kizazi kizima cha wahandisi kilijifunza kiini cha mfumo kwa kurasa zilizofifia za fotokopi.

Waliotaka uhuru walilazimika kuandika upya. Kwa upande wa BSD, tawi la Unix, Cynthia Livingston alibuni lugha ya kupanga kurasa iitwayo mdoc na kuandika kurasa zisizobanwa na hakimiliki ya AT&T. Kazi hiyo haitajwi inavyostahili. Richard Stallman wa GNU, mradi wa programu huria, naye alidai kwamba programu huria isiyo na mwongozo huria ni nusu ya kitu, na Machi 2000 ikatolewa leseni ya GNU ya nyaraka. Leseni hiyo iliruhusu mwandishi kuweka sehemu zisizobadilishwa. Mwaka 2006 wanachama wa Debian, mradi unaosambaza Linux, walipiga kura na kuamua kwamba nyaraka zenye sehemu za namna hiyo si huria. Mwongozo wa kihariri cha Emacs, kazi ya GNU yenyewe, ukahamishiwa kwenye rafu ya visivyo huria. Nadhani Debian walikuwa sahihi, maana mwongozo usiobadilika huachwa nyuma na programu inayobadilika.

Kurasa za mwongozo wa Linux nazo zimelindwa na watu wachache mno. Michael Kerrisk alizipokea mwaka 2004 na kuzisimamia kwa zaidi ya miaka 15, kazi iliyozaa pia kitabu chake cha 2010 chenye kurasa zaidi ya 1,500. Septemba 2024 msimamizi aliyemfuata alitangaza kwamba anasimama, kwa kuwa hakuweza tena kuifanya kazi hiyo bila malipo. Kampuni kubwa zilizokuwa zikiitegemea ndipo zikachangishana kumlipa.