Hati ya forodha ilivyoshindwa kuwakinga wawindaji wa sili

NAHODHA wa karne ya 19 hakuruhusiwa kutweka tanga kwa safari ya mbali kabla ya kupitia ofisi ya forodha.

Hapo alitaja jina la chombo, ukubwa wake kwa tani, mabaharia wake, shehena na mahali aendako. Alipokamilisha masharti na kulipa ada, alikabidhiwa hati ya kuondoka.

Kwa skuna zilizowinda sili kutoka bandari ya Victoria, magharibi mwa Canada, shughuli hiyo haikuwa ndefu. Merikebu hizo nyepesi, zenye milingoti miwili au zaidi, hazikuwa na bidhaa za kuuza. Zilipakia chumvi ya kuhifadhia ngozi, bunduki, risasi, chakula na mitumbwi ya wawindaji, ambao wengi wao walikuwa wenyeji asilia wa Kisiwa cha Vancouver.

Hati ilieleza kuwa chombo kinakwenda kuwinda na kuvua katika Bahari ya Pasifiki na Bahari ya Bering. Ni bahari hiyo ya pili iliyozua mzozo.

Marekani iliinunua Alaska kutoka kwa Urusi mnamo 1867 kwa dola milioni 7.2. Mnamo 1870, iliikodishia Alaska Commercial Company visiwa vya Pribilof, ambako sili huzaliana, kwa muda wa miaka 20. Wakati skuna zilipoanza kuwawinda wanyama hao baharini, Marekani ilidai kuwa mali yake inaporwa.

Mwezi Agosti 1886, Corwin, meli ya serikali ya Marekani, ilizikamata skuna Carolena, Onward na Thornton. Zote zilikuwa zimeondoka Victoria kwa idhini ya forodha, na zilinaswa zaidi ya maili 60 kutoka nchi kavu. Wakati huo mamlaka ya nchi baharini yalikubalika kwa kawaida kuwa ya maili tatu tu.

Ngozi na silaha zilitwaliwa. Manahodha na wasaidizi wao walishtakiwa mjini Sitka, ambako mahakama ilishikilia kuwa eneo hilo la bahari ni la Marekani. Walihukumiwa faini na kifungo. James Ogilvie, nahodha wa Carolena aliyekuwa na umri mkubwa, alifia huko huko Sitka.

Hati ya forodha ilithibitisha chombo kilikotoka na kwamba kiliondoka kwa halali. Haikuweza kuamua ni nani mwenye bahari. Swali hilo lilipelekwa mbele ya wasuluhishi saba jijini Paris, na mnamo Agosti 15, 1893, dai la Marekani likakataliwa. Mnamo 1898, Marekani ililipa fidia ya zaidi ya dola 473,000.

Hata hivyo, ushindi huo haukuwarejeshea wawindaji uhuru wao wa zamani. Wasuluhishi walipiga marufuku uwindaji wa sili umbali wa maili 60 kuzunguka Pribilof, na kuufunga baharini kuanzia Mei 1 hadi Julai 31 kila mwaka. Bunduki zilikatazwa ndani ya Bahari ya Bering katika msimu wa uwindaji ulioruhusiwa.

Makaratasi nayo yaliongezeka. Kila skuna ilihitaji leseni maalumu na bendera ya kuitambulisha. Nahodha alitakiwa kuandika kila siku mahali alipowinda, idadi ya sili waliouawa na jinsia yao.

Sharti la jinsia lilikuwa na maana kubwa. Sili wa kike waliuawa baharini walipokwenda kutafuta chakula, na watoto wao waliobaki visiwani wakafa njaa.

Masharti hayo hayakutosha kuwaokoa. Sili walizidi kupungua hadi Julai 7, 1911, ambapo Marekani, Uingereza, Japani na Urusi zilitia saini mkataba wa kupiga marufuku uwindaji wao baharini, isipokuwa kwa wenyeji asilia waliotumia mitumbwi na zana zao za jadi.

Chini ya mkataba huo, hapakuwa na forodha katika nchi hizo nne ambayo ingeweza kuidhinisha safari ya skuna ya aina hiyo.