Kipande Shingoni

Wazee wetu bado huita kitambulisho "kipande", na vijana wengi hawajui neno hilo lina kovu. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaandikisha Waafrika wa Kenya, ikaanza kuitekeleza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume aliyefikisha miaka 16 alichukuliwa alama za vidole, akapewa karatasi yenye jina lake, kabila lake, waajiri wake na mshahara wake. Karatasi ilitiwa ndani ya kikebe cha chuma, kikaning'inizwa shingoni kwa kamba. Waliokivaa walikifananisha na kengele ya mbuzi.

Kuandikwa si jambo geni kwa Mkristo. Yusufu na Mariamu walikwenda Bethlehemu kwa sababu hiyo hiyo. Lakini kipande kilimpa mwajiri kalamu. Asipotia sahihi ya kumwachilia mfanyakazi, huyo hakuweza kwenda kutafuta kazi kwingine. Akitoroka, alama za vidole vyake zilimfuata. Harry Thuku, aliyekipinga, alikamatwa Machi 1922. Watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi, na Mary Nyanjiru alikuwa mmoja wa waliokufa. Kipande kiliendelea kuvaliwa miaka zaidi ya 20 baada ya hapo.

Tuliposoma Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, tuliwakumbuka hao. Kinampa kila mtu haki ya faragha: habari za familia yake na mambo yake ya siri zisitakiwe wala kufichuliwa bila sababu, na mawasiliano yake yasiingiliwe. Mwaka 2019 tulipanga foleni ya Huduma Namba, na wengine wakaenda mahakamani. Januari 2020 Mahakama Kuu iliruhusu mpango uendelee kwa masharti, ikakataza kukusanywa kwa DNA na kurekodiwa kwa setilaiti mahali mtu anapoishi. Oktoba 2021 ikasema kadi zilitolewa kinyume cha sheria, kwa kuwa serikali haikupima kwanza hatari kwa faragha ya watu.

Hapo tulishangilia, kumbe sheria ilikuwa inatuangalia sisi pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu imani ya mtu, afya yake, ndoa yake na familia yake kuwa habari nyeti. Sasa tazameni kabati la kanisa: daftari la ubatizo, la ndoa, orodha ya wagonjwa. Tazameni na simu zetu. Dada mmoja kati yetu alimweleza kiongozi ugonjwa wake ili aombewe. Kabla ya jioni ulikuwa kwenye kundi la WhatsApp, pamoja na jina lake na la hospitali. Kesho yake muuza mboga sokoni akampa pole. Hakuna aliyemtakia mabaya. Wote waliosambaza waliandika "Amina". Yeye alikaa miezi bila kuja ibadani, na tulipomtembelea alituuliza ni nani aliyeturuhusu. Hatukuwa na jibu.

Tangu hapo katibu wa maombi humwuliza mgonjwa kwanza: "Tutaje nini?" Wengi husema tutaje yote. Wengine husema, "Semeni tu kuna dada anahitaji maombi." Nasi huomba hivyo hivyo.