Chanjo ya DNA ilipofika Dar

Nikirudi nyumbani Mbagala watu wakikumbuka kwamba nasomea mambo ya chanjo, swali halikawii: "Hivi hizo za DNA zikiingia mwilini, si zinabadilisha vinasaba vya mtu?" Mara ya mwisho aliyeuliza ni dada wa jirani. Alikuwa amepima homa ya ini B, hana, akaambiwa akachanjwe. Nikamwambia atulie kwanza, chanjo hiyo haina DNA ya kirusi. Ni protini ya ganda lake tu, inayotengenezwa na hamira. Watoto wetu wanachanjwa dhidi ya homa hiyo tangu 2002.

Ila swali lake si la kijinga, maana wanasayansi wenyewe waliliuliza. Mwaka 1990 Jon Wolff na wenzake huko Marekani walidunga DNA tupu kwenye misuli ya panya, na misuli ikaanza kutengeneza protini iliyoandikwa kwenye DNA ile. Hofu zikaja mara moja. Je, itajipachika kwenye kromosomu na kuleta saratani? Je, mwili utaanza kushambulia DNA yake wenyewe?

Homa ya ini B ilikuwa miongoni mwa magonjwa ya kwanza kujaribiwa. Mwaka 2000 ilitoka taarifa ya watu 12 waliorushiwa chanjo ya DNA kwenye ngozi, ikiwa imepakwa juu ya chembe ndogo mno za dhahabu. Wote 12 walipata kingamwili za kutosha, na madhara yakaishia pale pale kwenye ngozi. Lakini Ufaransa walipoijaribu kama tiba kwa wagonjwa 70 waliokuwa wanaacha dawa, matokeo ya 2014 yalionesha haikuzuia virusi kurudi. Waliichukulia vizuri tu, ila nguvu ndiyo haikutosha. (Kichekesho ni kwamba kirusi chenyewe cha homa ya ini B ndicho kinachopachika vipande vyake kwenye DNA ya ini, jambo lile lile tunaloihofia chanjo.)

Hapa Dar chanjo ya DNA ilifika kwa ugonjwa mwingine, Ukimwi. Mwaka 2007 watafiti wa Muhimbili, wakishirikiana na Wasweden na Wamarekani, walianza utafiti wa HIVIS kwa watu 60 wazima wa afya, wengi wao askari polisi. Ishirini walipewa miligramu 1 ya DNA kwenye ngozi, ishirini miligramu 3.8 kwenye msuli, na ishirini waliobaki wakapewa kitu kisicho na dawa ili kulinganisha. Hakukuwa na sindano, kifaa kilisukuma dawa kwa mgandamizo. Baadaye ikaongezwa chanjo ya pili iliyobebwa na kirusi kilichodhoofishwa. Wengi tungetegemea vituko. Havikutokea, chanjo zilivumilika vizuri.

Shida ilikuwa kwingine. Vipimo vya kawaida vya VVU havitafuti kirusi, vinatafuta kingamwili. Sasa mtu aliyechanjwa akafanikiwa kutengeneza kingamwili anaweza kusomeka kuwa ana VVU wakati hana. Fikiria askari wa namna hiyo anakwenda kupima na mchumba wake kabla ya ndoa, au anajitolea damu. Majibu yanatoka, mchumba yupo pale pale, utaanza kueleza mambo ya kromosomu? Ili kujua ukweli inabidi kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe, na hicho hakipo kwenye kila zahanati. Kwangu mimi hayo ndiyo madhara mazito kuliko uvimbe wa bega, na kwenye fomu ya madhara mara nyingi hayana hata kisanduku chake.

Kwa homa ya ini B hali ni nafuu. Kipimo cha kwanza kinatafuta protini ya ganda la kirusi, siyo kingamwili, hivyo aliyechanjwa haonekani mgonjwa. Isipokuwa siku chache baada ya sindano, kwa sababu protini ya chanjo ni ile ile na inaweza kuonekana kwenye damu kwa wiki mbili hivi. Nilimwambia dada hilo pia. Akacheka, akasema basi mchumba atapelekwa kupima mwezi ujao.