Joomla: Neno la Kiswahili Ndani ya Tahajia ya Kiingereza

Mwezi Agosti mwaka 2005, kundi zima la wataalamu waliokuwa wakiiandika na kuitunza programu ya kompyuta iliyoitwa Mambo lilijiuzulu kwa pamoja. Programu hiyo, inayomwezesha mtu asiye fundi kuendesha tovuti yake mwenyewe, ilianzia katika kampuni ya Miro ya nchini Australia, na mwaka 2001 ikatolewa iwe programu huria: kila mtu akaruhusiwa kuitumia, kuichunguza, kuibadili na kuigawa bila malipo. Mzozo ulizuka pale kampuni ilipounda wakfu wa kuisimamia Mambo. Wataalamu hao, wengi wao wakifanya kazi kwa kujitolea kutoka nchi mbalimbali, waliona kwamba wakfu huo umeiweka kazi yao mikononi mwa kampuni badala ya mikononi mwa jamii ya watumiaji.

Waliondoka na nakala ya programu, jambo ambalo leseni yake iliruhusu waziwazi. Kitu kimoja tu hawakuweza kuondoka nacho, nacho ni jina.

Ikabidi jina jipya lipatikane, na lipatikane upesi. Andrew Eddie, aliyekuwa kiongozi wao, aliwaalika watumiaji kutoa mapendekezo, ingawa kundi lilijiwekea haki ya kuamua lenyewe. Mwezi Septemba mwaka huo huo likatangazwa jina Joomla, likifuatiwa rasmi na alama ya mshangao. Waanzilishi walieleza kwamba ni neno la Kiswahili jumla, lenye maana ya wote pamoja, kitu kizima kisichogawanyika. Kwa watu waliokuwa wametoka kubishana juu ya nani mwenye mali, neno hilo lilikuwa tamko kamili.

Utata ukaanzia hapo. Neno lilikuwa la Kiswahili, lakini tahajia haikuwa ya Kiswahili.

Sababu ya herufi hizo mbili za o si ngumu kuiona. Msomaji wa Kiingereza akikutana na neno jumla kwa mara ya kwanza, ni rahisi sana alitamke kana kwamba limeandikwa jamla, kwa kuwa katika lugha yake irabu u mahali kama hapo mara nyingi husikika karibu na a. Akiandikiwa oo, hana budi kutamka u. Kwa hiyo tahajia ya Joomla iliyalinda matamshi ya Kiswahili katika kinywa cha Mwingereza, na kwa kazi hiyo ilifaa.

Lakini ilimwacha nje Mswahili mwenyewe. Katika tahajia ya Kiswahili sanifu, iliyoimarishwa tangu kuundwa kwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930, kila herufi ya irabu ina sauti yake moja, na irabu zikiwa mbili husomwa zote mbili. Ndivyo tusomavyo choo, koo na njoo. Anayefuata kanuni hiyo ataisoma Joomla kwa sauti ile ile ya njoo, na akiisoma hivyo hataliona ndani yake lile neno analolisikia kila siku sokoni katika bei ya jumla, darasani mwalimu anaposema jumlisha, na katika hotuba kila msemaji anapotaka kufupisha mambo kwa jumla. Neno la nyumbani limerudi limevaa nguo za ugenini, na wenyeji wamelipisha mlangoni bila kulisalimu.

Wengine nao walikuwa na yao. Mjerumani, akifuata tahajia ya lugha yake, husoma j kama y na oo kama o ndefu, akapata Yoomla. Mhispania huisoma j kwa sauti ya kooni inayokaribia kh. Ajabu ni kwamba msemaji wa Kiarabu, ambaye lugha yake ndiyo chimbuko la neno lenyewe, akilisikia tu bila kuliona hulitambua mara moja, kwani jumla kwa Kiarabu ni mkusanyiko mzima, na katika sarufi ni sentensi. Isipokuwa kama anatoka Cairo, maana huko atasema gumla.

Matatizo ya aina hii hayakuanza mwaka 2005. Mmarekani Richard Stallman alipotangaza mradi wake wa programu huru tarehe 27 Septemba mwaka 1983, aliupa jina GNU. Neno hilo kwa Kiingereza ni mnyama ambaye wakazi wa Serengeti na Maasai Mara wanamfahamu vyema: nyumbu. Waingereza walilipata kutoka lugha za wenyeji wa kusini mwa Afrika, kisha wakaimeza g yake wasiitamke kabisa. Stallman akaagiza kwamba katika jina la mradi wake g itamkwe. Kichwa cha nyumbu ndicho nembo ya mradi huo hadi leo, na wako wanaoendelea kuimeza g.

Mashuhuri zaidi ni kisa cha Linux. Mwaka 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliandika kiini cha mfumo wa kuendeshea kompyuta, akakusudia kukiita Freax. Ari Lemmke, aliyempa nafasi ya kukihifadhi ili watu wengine wakichukue, hakulipenda jina hilo, akaliandika jalada kwa jina la linux. Torvalds ni Mfini ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiswidi, na katika Kiswidi jina lake hutamkwa kwa i. Kwa Kiingereza hugeuka Lainas. Je, programu ifuate jina la mtu kama anavyoitwa kwao, au kama anavyoitwa ugenini? Watu walibishana sana. Mwaka 1992 Torvalds mwenyewe alieleza kwa maandishi kwamba irabu zote mbili ni fupi, i ikiwa i na u ikiwa u, na baadaye akatoa sauti yake iliyorekodiwa akilitamka jina hilo. Mswahili anayesoma Linux herufi kwa herufi yuko karibu naye kuliko Mmarekani anayesema Lainaks.

Drupal, mshindani wa Joomla, ilipitia njia ile ile. Mbelgiji Dries Buytaert alilitoa jina hilo katika neno la Kiholanzi druppel, yaani tone, akaliandika kwa namna ambayo Mwingereza angelitamka. Katika visa hivi viwili, lugha ndogo katika ulimwengu wa kompyuta ilitoa neno, na lugha kubwa ikatoa herufi.

Njia nyingine ilikuwepo. Mwezi Oktoba mwaka 2004, mwaka mmoja kabla ya Joomla, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa mfumo wa Ubuntu, kwa neno la lugha za Kinguni ambalo ni ndugu wa utu wetu. Hakuna herufi iliyobadilishwa. Wako waliolitamka Yubantu, nao wakaelekezwa namna ya kulitamka, basi. Na mwezi Desemba mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zinazozungumza Kiswahili. Mradi wenyewe uliitwa Kilinux. Kwa kuiongeza silabi moja tu ya ki, jina la kijana wa Helsinki liliingia katika safu ya Kiswahili, Kiganda na Kiarabu.

Mambo ilififia miaka michache baada ya mgawanyiko ule. Joomla ilienea dunia nzima, na leo jina hilo, kwa tahajia yake ile ile, ni alama ya biashara iliyosajiliwa na Open Source Matters, shirika lisilo la faida lililoandikishwa New York. Haielekei kwamba litabadilishwa.

Hata hivyo, jambo moja limetokea ambalo halikutangazwa sana. Matoleo ya karibuni ya programu hiyo yamekuwa yakipewa majina ya ziada ya Kiswahili. Toleo la 4.0 la mwaka 2021 liliitwa Furaha, na la 4.2 la mwaka 2022 likaitwa Uaminifu. Toleo la 5.0 la mwaka 2023 ni Kutegemea, na mwaka 2024 yakafuata Kudumisha na Uthabiti. Safari hii hakuna aliyerudia o wala kuongeza alama ya mshangao. Yameandikwa kama yanavyoandikwa Zanzibar na Nairobi, na mtaalamu wa Toronto au Berlin anayetaka kuyataja katika mkutano inambidi kwanza ajifunze kuyasoma.