Fedha Iliyokuwa Njiani

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na duka dogo kando ya barabara kuu pale Korogwe, mahali ambapo mabasi ya Dar es Salaam na ya Moshi yalisimama ili abiria wanunue machungwa. Duka lenyewe halikuwa na kitu cha kumtia mtu tamaa: sabuni za mche, chumvi, mafuta ya taa, biskuti. Lakini chini ya meza palikuwa na daftari refu lenye jalada jeusi, na kwa maoni yangu daftari hilo ndilo lililokuwa duka hasa. Sisi tuliofanya kazi mjini tulikuwa tukimpa konda bahasha, konda akamwachia mjomba, naye akaandika jina la aliyetuma, la atakayepokea, kiasi na siku. Mwenye fedha akija, alitia sahihi au dole gumba. Mjomba hakudai ujira. Aliyepokea hakuondoka bila kununua angalau kibiriti, na hilo lilimtosha.

Mani-oda za posta zilikuwapo, lakini ofisi ilikuwa mbali na vijiji vingi, tena ilikuwa na saa zake. Basi lilipita kila siku.

Mwaka 1994 mama aliumwa jicho. Zama za wagonjwa kuchangia gharama za matibabu zilikuwa zimekwisha anza, kwa hiyo nikatia shilingi 20,000 katika bahasha, nikampa konda niliyemfahamu. Siku hiyohiyo nilimwagiza jirani aliyekuwa akisafiri amwambie mama kwamba fedha inakuja. Konda yule alihamishiwa basi jingine linalokwenda moja kwa moja Arusha, naye akasahau bahasha mfukoni. Alirudi nayo siku ya nne, haikupungua hata senti, akaomba radhi. Mjomba alikuwa amekwisha jitolea kumkopesha dada yake tangu siku ya kwanza. Mama akakataa. Alisema fedha ya mwanawe iko njiani, hana haja ya kukopa. Alipofika hospitali, jicho lile halikuokoka.

Nimesimulia hayo ili msomaji aelewe ni kwa sikio gani niliisikia habari iliyotoka kwa jirani zetu wa Kenya miaka kumi na mitatu baadaye. Tarehe 6 Machi 2007 kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa. Asili yake haikuwa kutumiana fedha hata kidogo. Serikali ya Uingereza ilitoa karibu pauni milioni 1, na kampuni ya Vodafone ikatoa kiasi kama hicho, ili itafutwe njia ya wakopaji wadogo kulipa mikopo yao kwa simu. Jaribio lilianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, pamoja na asasi ya mikopo iitwayo Faulu.

Ndipo watu wakafanya yao. Mtu aliweka fedha asubuhi mahali pamoja, akasafiri mikono mitupu, akaitoa jioni mahali pengine, ili majambazi wasimkute nayo. Wengine walilipiana madeni. Wengine waliwatumia ndugu zao. Waliobuni mpango walikuwa na busara ya kutazama, wakauacha mkopo kando, wakatangaza jambo moja tu: tuma fedha nyumbani. Kabla mwaka haujaisha walikuwa na wateja zaidi ya milioni 1. Na mwanzoni mwa 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipofunga barabara na maduka, wengi walisaidiwa na simu kuwafikia ndugu waliokwama.

Nilipouliza jinsi mtambo huo unavyofanya kazi, nilicheka peke yangu. Shilingi halisi haiendi popote. Inakaa benki katika akaunti ya amana. Wakala hununua salio mapema kwa fedha yake mwenyewe. Ukimpa noti, salio lake linapungua na lako linaongezeka. Ukitoa, mambo yanageuka. Kinachosafiri ni maandishi tu, na wakala wa miaka ile, mbali na simu, alikuwa na daftari kubwa ambalo mteja alitia sahihi. Ndilo la mjomba! Tofauti ni kwamba sasa maduka yote yalikuwa yakisoma daftari moja, nalo lilikuwa mali ya kampuni.

Tanzania tuliipata M-Pesa mwaka 2008, kupitia Vodacom. Mara ya kwanza kumtumia mama ilikuwa mwaka uliofuata. Nilibonyeza nambari, mkono ukinitetemeka, na kabla sijarudisha simu mfukoni akapiga: imefika. Nilikaa chini kwenye ngazi za ofisi. Wenzangu walidhani nimepokea habari ya msiba.

Basi sisemi neno la kuzibeza kampuni hizi. Najua bei ya siku nne. Walakini lipo jambo moja katika lile jaribio la Thika ambalo halinitoki akilini. Wakopaji wa Faulu walikuwa na desturi ya kukutana kwa vikundi, kila mmoja akimdhamini mwenziwe. Walipoweza kulipa kwa simu, baadhi yao waliacha kuja mikutanoni, na asasi ikaingiwa na wasiwasi, maana mkutano ndio uliokuwa dhamana. Mimi nami nilifanya hivyohivyo. Zamani bahasha ilikuwa na barua ndani, na kila mwisho wa mwaka nilipanda basi. Baada ya simu, barua iliisha. Safari nazo zikapungua, kwa kuwa kila udhuru ulikuwa na kiasi chake cha kutuma. Mama aliniambia siku moja, bila hasira, kwamba fedha ameiona, amebakia kumwona aliyeituma.

Halafu daftari la kampuni likaanza kusema. Kenya mwaka 2012, kwetu mwaka 2014, watu walianza kukopeshwa kwa simu kulingana na kumbukumbu za matumizi yao. Julai 2021 serikali nayo ikatoza tozo kwa kila kutuma na kutoa, na watu walilalamika hata ikapunguzwa Septemba ya mwaka huo. Mjomba alijua siri za nusu ya wilaya, lakini naye alijulikana. Ukigombana naye ulijua mlango wa kugonga.

Mama alifariki mwaka 2016. Nilitaka kujua nilimtumia nini na lini katika miaka ile saba; simu yangu ilikuwa imekwisha badilishwa mara mbili, na ujumbe wote ulikuwa umepotea nayo. Kampuni bila shaka inayo hesabu. Daftari la mjomba mwanawe amelihifadhi. Nililifungua, nikakuta mstari wangu wa 1994, kwa wino wa buluu: jina langu, jina la mama, 20,000. Pembeni mjomba alikuwa ameandika siku ambayo mama alikuja kuulizia, na ya pili yake, na ya tatu. Siku ya nne pana dole gumba.